Njia Haijilimi

Katika baraza moja ya Chumbageni, ambapo watu hukutana baada ya swala ya alasiri kunywa kahawa na kupimana maneno, palizuka majadiliano juu ya jambo ambalo wengi walidhani halistahili hata kikombe kimoja. Jambo lenyewe lilikuwa njia za miguu. Kijana mmoja wetu, aliyerudi masomoni kutoka kaskazini mwa Ulaya, alikuwa akisimulia jinsi nyumba za wageni za huko, zilizojengwa mbali porini, zinavyotunza njia za theluji wakati wa majira ya baridi. Alisema kwamba kila asubuhi, kabla mgeni hajamaliza chai, hubandikwa ukutani karatasi yenye habari za njia: theluji ina kina gani, imekuwa ngumu au laini, njia ipi imetengenezwa usiku na ipi haikuguswa, wapi mti umeanguka na wapi maji yametokeza. Kisha akauliza kwa upole: milima yetu ya Usambara ina misitu, ina wageni, ina njia, mbona karatasi ya namna hiyo si desturi kwetu?

Alijibiwa kwa kicheko. Mmoja alisema kwamba njia ya msituni ni kazi ya Mungu, nayo hujitunza. Wa pili alisema kwamba theluji ni mambo ya Wazungu, haituhusu. Wa tatu, ambaye ni msomi mwenye shahada na staha, alisema kwamba kufyeka njia ni kazi ya kibarua yeyote mwenye panga, na kwamba si jambo la kuwashughulisha watu wenye elimu. Kahawa ikamiminwa tena, na maneno yakageuzwa kwenda kwenye bei ya samaki.

Mimi sikucheka, na ndiyo sababu ya kuandika insha hii. Naona kwamba majibu yale matatu ni makosa matatu, na kwamba makosa hayo si ya baraza ile peke yake. Yanakaa katika vichwa vya watu wengi waliosoma, na kutoka vichwani yameshuka hata chini ya miguu yetu. Nia yangu ni kuyajibu moja moja.

Huanza na lile la kwanza, kwamba njia hujitunza. Mtu asemaye hivi hajapata kuitazama njia ila kwa unyayo. Njia si kitu cha asili. Ni jeraha ambalo mwanadamu amelitia katika ngozi ya mlima kwa haja zake mwenyewe, na jeraha lisilotazamwa huoza. Tazama maji yafanyavyo. Tone la mvua likianguka juu ya majani makavu ya msitu hupokewa kwa upole. Huzama, huchujwa, na hufika mtoni baada ya muda mrefu likiwa safi. Tone hilohilo likianguka juu ya njia iliyoshindiliwa na miguu halipati pa kuzamia. Hukutana na wenzake, wakafanya mchirizi. Mchirizi ukafanya mfereji. Mfereji ukachimba korongo. Mwendaji akiliona korongo hulikwepa na kukanyaga pembeni, na pembeni nako huanza kuwa njia. Baada ya masika mawili matatu, njia moja iliyokuwa na upana wa dhiraa mbili imekuwa njia tatu, zote mbovu, na miche iliyokuwa kando imekwisha kukanyagwa.

Dawa ya maradhi haya yajulikana, wala si ya siri. Njia na ikate mlima kwa mshazari, isipande wima. Uso wake uinamie kidogo upande wa bonde, ili maji yatoke kabla hayajapata nguvu. Penye mteremko mkali, kila baada ya hatua kadha, gogo au mstari wa mawe ulazwe kwa kukingama, uyageuze maji na kuyatupa pembeni penye majani. Vijifereji hivyo vizibuliwe kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, na tena baada ya kila mvua kubwa. Maana kingamo lililozibwa na majani ni sawa na mlinzi aliyelala, lipo mahali pake lakini halizuii kitu. Haya yote hayafanywi na msitu. Hufanywa na mtu mwenye jembe, mwenye macho, na mwenye kurudi. Neno la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Njia huharibiwa kila siku kidogo kidogo, kwa hiyo haitoshi kuitengeneza mara moja, kama vile haitoshi kula mara moja.

Wala mtu wa Tanga asidhani kwamba haya ni mambo ya mlimani yasiyomfikia bondeni. Milima ya Usambara Mashariki hunyeshewa mvua nyingi. Huko Amani hukaribia milimita 2000 kwa mwaka. Hapo ndipo panapotoka mto Zigi, ambao maji yake hukingwa katika bwawa la Mabayani, na kutoka bwawa hilo jiji letu hupata maji ya kunywa. Udongo uondokao mlimani hauendi mbinguni. Huteremka kwa mto na kutua bwawani, na huko huchukua nafasi ya maji. Sisemi kwamba njia za miguu ndizo zichafuazo mto peke yake. Yako mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa maji, na wamekuwapo wachimbaji wa dhahabu waliofukua hadi vitanda vya vijito. Lakini bandubandu humaliza gogo. Mtu wa Chumbageni afunguapo bomba na kuona maji mekundu baada ya mvua, na ajue kwamba ule wekundu ulikuwa mahali fulani ukawa ardhi ya mtu, au pembe ya shamba, au kipande cha njia.

Sasa naja kwenye jibu la pili, kwamba theluji haituhusu. Jibu hili lina sura ya uzalendo, ndiyo maana hupendwa. Walakini uzalendo usiojua historia yake ni majivuno matupu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alisafiri kutoka karibu na Mombasa kwenda Uchagani, naye akaona juu ya Kilimanjaro kitu cheupe. Aliandika kwamba mwongozi wake alikiita kitu hicho kwa neno moja tu, "beredi", yaani baridi. Habari zilipofika Ulaya, msomi mmoja wa London, William Desborough Cooley, aliyekuwa mjuzi mkubwa wa Afrika bila kupata kukanyaga bara lake, alizikanusha kwa kejeli: theluji karibu na Ikweta haiwezekani. Ilipita miaka mingi, hata safari za Baron Carl Claus von der Decken za mwaka 1861 na 1862, ndipo ubishi ukanyamaza. Basi twaona nini? Twaona kwamba mtu mwenye Kiswahili kinywani, asiyekuwa na kitabu, aliieleza theluji kwa sifa yake iliyo kweli kabisa, wakati msomi wa mbali alipoikana kwa vitabu vyake vyote. Na leo, baada ya miaka zaidi ya 170, msomi wetu wa barazani amekubali kukaa katika kiti cha Cooley: asichokiona kwao, asema hakimhusu.

Theluji yatuhusu kwa sababu iko kwetu, tena inatuaga. Barafu ya Kilimanjaro, ilivyopimwa mwaka 1912 na kupimwa tena mwaka 2011, ilikuwa imepungua kwa kadiri ya sehemu 85 katika kila 100. Yatuhusu pia kwa sababu watu wetu wamekwisha kuikimbilia. Philip Boit, Mkenya wa ukoo wa wakimbiaji, aliyekuwa akishindana mbio za mita 800, alipelekwa Finland mwaka 1996 kufundishwa kukimbia juu ya mbao za kutelezea. Tarehe 12 Februari 1998, huko Hakuba katika michezo ya Nagano, Japani, alishindana mbio za kilomita 10, akawa Mkenya wa kwanza kuingia katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa 92, ndiye wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikaa mwishoni mwa njia akimngoja, akamkumbatia. Boit aliporudi kwao na kupata mtoto wa kiume, alimpa jina la Dæhlie.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaokisimulia kwa kucheka, kana kwamba mtu wa Eldoret kuteleza juu ya theluji ni sawa na samaki kupanda mnazi. Wako wanaokisimulia kwa machozi, kwa sababu ya lile kumbatio. Mimi nawaheshimu wote wawili, aliyengoja na aliyengojewa. Lakini katika kisa hiki yuko mtu wa tatu ambaye hasimuliwi na upande wowote, naye ndiye niliyemfuata katika insha hii. Ni yule aliyeitengeneza njia.

Maana njia ya theluji, kinyume cha wadhaniavyo wasioijua, haianguki kutoka mawinguni ikiwa tayari. Theluji mpya ni laini kama pamba iliyochambuliwa. Mtu akiingia humo huzama. Kwa hiyo hupelekwa mashine nzito itambaayo juu ya minyororo mipana. Mbele ina bapa la kusawazishia matuta. Nyuma ina gogo lenye meno lizungukalo, likisaga theluji iliyoganda na kuichanganya na iliyo laini. Na nyuma kabisa kina kifaa kinachokata mifuo miwili iendayo sambamba, kila mmoja kwa mguu mmoja. Atelezaye kwa mtindo wa kale huiweka miguu yake katika mifuo hiyo, na atelezaye kwa mtindo mpya wa kusukuma pembeni huhitaji uwanda mpana ulioshindiliwa. Kazi hii aghalabu hufanywa jioni au usiku, kwa kuwa theluji iliyosagwa yahitaji saa kadha za baridi ili chembe zake zishikamane. Ikipitiwa mapema, huvunjika. Ikitengenezwa wakati wa joto, huwa uji, na usiku ukiingia uji ule huganda ukawa jiwe. Mtu akipita kwa viatu vya kawaida juu ya njia hiyo huacha mashimo, na mashimo hayo yakiganda huwa mtego wa mbavu na viuno vya watu wa kesho yake.

Kwa sababu hiyo ile karatasi ya asubuhi si pambo. Mtelezaji hupaka nta chini ya mbao zake, na nta hiyo huchaguliwa kwa kadiri ya baridi na umri wa theluji; akikosea, ama mbao hazitelezi, ama hazishiki anapopanda kilima. Basi mwenye nyumba aandikapo kwamba usiku ulikuwa na nyuzi 6 chini ya sifuri, kwamba njia ya ziwani imekatwa mifuo saa tatu usiku, na kwamba njia ya kilimani ina mawe yaliyojitokeza kwa uchache wa theluji, amempa mgeni wake zaidi ya habari. Amemtendea kama mtu mzima mwenye haki ya kujua anachokiendea. Na amekubali mbele ya watu wote kwamba hali ya njia ni dhima yake.

Hapa ndipo kaskazini na kusini hukutana, ingawa msomi wa barazani hakuona. Huko adui ni joto na hapa adui ni maji. Lakini maji na theluji ni kitu kimoja katika mavazi mawili. Huko mtu wa mashine huogopa mvua ya Januari, na katika miaka hii ya joto lililozidi huiogopa mara nyingi kuliko baba yake. Huenda akakusanya theluji ya kivulini kuitandaza palipo wazi. Hapa mtu wa jembe huogopa mvua ya Aprili. Wote wawili hufanya kazi ambayo, ikifanywa vema, hakuna aionaye. Mwendaji hupita bila kujikwaa, na asiyejikwaa hatazami chini. Hakuna kazi yenye dhuluma kama hii, ambayo mtendaji hukumbukwa siku aliyoshindwa tu.

Nami nimeipata dhuluma hiyo mbele ya macho yangu. Miaka iliyopita nilipanda mlima mmoja pamoja na wanafunzi wenzangu, tukafikia nyumba ya wageni iliyo pembeni mwa msitu. Sitaitaja nyumba hiyo wala mlima huo, kwa kuwa sikusudii kumfedhehesha mtu. Mlangoni palikuwa na ubao uliosema kwamba njia zote ziko wazi na ni salama. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa rangi ya mafuta, na rangi ilikuwa imepauka. Nikafahamu kwamba njia zile zilikuwa salama kwa kudumu, mvua ikinyesha na isiponyesha. Tukaenda. Mvua ya siku mbili ilikuwa imekula ukingo wa njia karibu na kijito, na majani yalikuwa yamefunika pengo lile kama jamvi lifunikavyo shimo. Mwenzetu mmoja alikanyaga jamvi. Tulimbeba kwa zamu hadi jua kutua, na mguu wake ulikaa miezi haujawa mguu.

Tulipokuwa tukishuka tulimkuta mzee mmoja, jembe begani, akipanda kuelekea kule tulikotoka. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia marahaba, akamtazama mwenzetu mguu, akatuambia tuukaze kwa kitambaa chenye maji baridi. Nikamwuliza kama ndiye mtunza njia. Akasema kwamba alikuwa mtunza njia zamani, akilipwa kwa mwezi. Kisha ikaonekana kwamba mshahara ule ni hasara, na sasa huitwa kwa siku, na huitwa pale tu mgeni anapolalamika au anapoumia. Nilimwambia kwamba basi leo ataitwa kwa ajili yetu. Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, siku hizi mimi huitwa kuzika, siitwi kuuguza."

Neno hili ndilo linalonipeleka kwenye jibu la tatu, lile la msomi mwenye shahada, kwamba kutunza njia ni kazi ya kibarua yeyote mwenye panga. Kama ni kweli, mzee yule asingejua alichokijua. Alinieleza, tulipokuwa tumepumzika, kwamba pengo lile halikuanzia kijitoni. Lilianzia juu, hatua 60, ambako jiwe moja la kingamo lilikuwa limesogea, na maji yaliyokosa kutokea pale yaliteremka yakapata nguvu yakaja kubomoa chini. Kibarua mwenye panga angalijaza pengo na kwenda zake, na mvua ya pili ingalifungua pengo palepale. Kujua kwamba ugonjwa uonekanao mguuni umeanzia begani ni elimu. Tukiiona kwa tabibu twaiita elimu na twailipia. Tukiiona kwa mzee mwenye jembe twaiita kibarua.

Wala kosa hili la kusahau si geni katika nchi yetu. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika nchi ya Tanga, aliona ua dogo la rangi ya zambarau liotalo katika vivuli vya mawe, akampelekea baba yake Ujerumani; na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Ua hilo limeenea katika madirisha ya dunia nzima, na hata baada ya wataalamu wa mimea kulihamishia katika jamii ya Streptocarpus mwaka 2015, wapenda maua bado huliita kwa jina la bwana yule. Simlaumu, alikuwa mtu wa kutazama na kusikiliza, naye alikwisha kuchapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1890. Nasema tu kwamba hakuna bwana aliyefika penye ua msituni kwa kuruka. Alifika kwa njia, na njia ililimwa na watu, na hakuna ua lililoitwa kwa jina lao. Watawala wale wamekwenda zao, lakini desturi ya kumheshimu afikaye na kumsahau afikishaye tumebaki nayo, tukaitia katika hesabu za mishahara yetu wenyewe. Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tumekuwa na manahodha wengi hata tumesahau kwamba jahazi lina baharia.

Najua litakalosemwa hapa. Litasemwa kwamba Tanga na Kilimanjaro zina desturi ya msaragambo, ambapo wanakijiji hutoka kwa pamoja kulima barabara na kuchimba mifereji bila ujira. Basi kwa nini tutake mtunza njia wa mshahara? Naiheshimu desturi hiyo, na nimeambiwa kwamba Wanorwei wana ndugu yake, wanayoiita dugnad, na kwa desturi hiyo vyama vingi vya michezo hutengeneza njia zao za theluji. Lakini yapasa kutofautisha. Msaragambo ni kazi ya watu kwa mali yao: shule yao, kisima chao, njia yao ya sokoni. Njia ambayo mgeni huilipia ada mlangoni si msaragambo. Mwenye kutoza ada juu ya njia, kisha akaita kijiji kizima kuja kuitengeneza kwa jina la ushirikiano, hakufuata desturi. Ameivaa kama kanzu ya kuazima. Na hao wa Oslo, ambao chama chao cha watelezaji kiliundwa mwaka 1883, hawakushika njia zao muda wote huo kwa mikono ya hiari peke yake. Wana wanachama walipao, wana mashine, na wana madereva ambao kazi yao yajulikana kuwa ni kazi.

Litasemwa pia kwamba fedha hakuna. Hoja hii ni nzito, wala sitaipita kwa kuruka. Nyumba nyingi za wageni milimani ni ndogo, na miezi ya mvua hazina mtu. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu mmoja mwenye jembe, alipwaye mwaka mzima, azibuaye kingamo kabla ya masika, ni ghali kwa macho ya mhasibu wa mwezi huu. Walakini daraja lililochukuliwa, mgeni aliyevunjika, na njia mpya iliyopasa kukatwa ndani ya msitu wa hifadhi kwa kuwa ya kwanza imekuwa korongo, hivyo ni ghali zaidi, isipokuwa huandikwa katika daftari nyingine. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilipoanzishwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, nchi ilikiri kwamba msitu ule una viumbe wasiopatikana pengine po pote. Kukiri hivyo ni kuzuri. Lakini kila anayekwenda kuwatazama viumbe hao huenda kwa njia, na njia mbaya ndiyo imwingizayo katika nyumba zao.

Wala mtu asinifahamu vibaya. Sitaki misitu ya Usambara itandikwe saruji, wala sitaki kila tawi likatwe mpaka msitu ufanane na bustani ya mkoloni. Njia njema ya msituni ni ile ambayo mtu hupita asijue kwamba imetengenezwa. Mizizi na ibaki, mawe na yabaki, kigogo kilichooza kiachiwe wadudu wake. Panapostahili kufungwa pafungwe. Kwa kuwa kufunga njia baada ya mvua kubwa si aibu, bali ni adabu kwa mlima na kwa mgeni. Ninalolitaka ni dogo, nalo laweza kusemwa kwa maneno machache.

Kwanza, kila mahali panapopokea wageni kwa ajili ya njia, pawe na ubao wa chokaa, si wa rangi ya mafuta. Kila asubuhi paandikwe kweli: mvua ya jana ilikuwa kubwa au ndogo, njia ipi imepitiwa na mtunzaji, ipi haijapitiwa, ipi imefungwa na kwa nini. Mwenye kuogopa kuandika kwamba njia yake ni mbovu leo, anamwambia mgeni aende akaisome kwa mfupa wake.

Pili, chini ya habari hizo paandikwe jina la mtunza njia. Atiaye sahihi huandika kwa uangalifu, na asomaye jina hujua wa kumshukuru. Naye mwenye jina hilo alipwe kwa mwezi, wa mvua na wa jua.

Tatu, na hili ni letu sisi wenye kalamu, elimu ya watu hawa ikusanywe. Wazee wa Usambara wana maneno ya Kisambaa na ya Kiswahili kwa kila namna ya utelezi, kila mwinamo wa ardhi, na kila tabia ya maji. Na maneno hayo yanakufa pamoja nao, wakati sisi twashindana kutafuta tafsiri za maneno ya vitabuni. Mwanafunzi wa lugha atakayekwenda kukaa mwezi mmoja na mtunza njia, akarudi na daftari iliyojaa, atakuwa ameitumikia lugha hii zaidi ya sisi tulioijadili kwa kahawa. Yule mwongozi wa mwaka 1848 alikuwa na neno moja la kuita alichokiona, nalo lilitosha kuwashinda wajuzi wa London. Sisi tuna maneno mengi. Shida ni kwamba hatuendi kutazama.

Nilirudi barazani siku ya pili nikasema haya kwa ufupi. Yule wa kwanza alisema huenda nina haki juu ya maji ya bomba. Yule wa pili alitaka kusikia tena kisa cha Boit. Msomi mwenye shahada alinyamaza kitambo, akatazama chini, kule ambako maji ya paa yalikuwa yamechimba mfereji mdogo mbele ya ngazi ya baraza, nasi sote tumezoea kuuruka. Akaniuliza ungezibwa namna gani. Nikamwambia kwamba mimi sijui, lakini namjua mzee mmoja ajuaye.